Zita, mpiga mbiu aliyebaki nje ya kundi

Ukungu bado umelala bondeni wakati Zita Celestini anapopanda juu ya kichuguu kilicho kando ya njia, katika kitongoji cha Ng'ambo. Amevaa kandambili, kitenge amekifunga kiunoni kwa fundo la mtu mwenye safari. Mkononi ana filimbi. Anaipuliza, anasubiri kidogo, kisha anapaza sauti.

"Sikilizeni mbiu. Kesho asubuhi mtaalamu wa mifugo anakuja kuchanja mbuzi. Leteni mbuzi uwanja wa shule. Atakayesikia amwambie mwenzake."

Anarudia maneno yaleyale kwa Kisubi, lugha ya wenyeji. Moshi unatoka kwenye jiko la nyumba ya kwanza, lakini mlangoni hatoki mtu. Ndani simu inaimba. Kijana wa bodaboda anapita na vidude vya kusikilizia muziki masikioni, anamtazama mara moja na kuongeza mwendo.

Mbali kidogo, katikati ya shamba la karanga, mzee mmoja ananyoosha mgongo na kuinua mkono.

"Tumesikia, mama."

"Shikamoo baba," Zita anaitikia kwa sauti ileile ya mbiu.

"Marahaba. Na kuku je?"

"Kuku bado. Ni mbuzi tu."

Mzee anarudi kwenye karanga zake. Zita anashuka kichuguuni taratibu, mkono mmoja gotini.

"Huyo mmoja ananitosha kwa asubuhi hii," anasema. "Zamani nikipuliza tu filimbi watoto wanatoka mbio, mama zao wanakuja nyuma na maswali. Siku hizi naita, naondoka. Wakati mwingine najiuliza kama kweli nimeita."

Zita, ambaye majirani humwita Mama Elick, ana umri wa miaka hamsini na tatu. Ni mpiga mbiu wa kijiji cha Nyakashenye, ndani kidogo ya barabara iendayo Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Kazi yake ni kupita vitongoji vyote akitangaza mikutano, misiba, chanjo, siku za kazi za pamoja na ng'ombe waliopotea. Kijiji humpa posho ya shilingi elfu tatu kwa kila mzunguko, pale inapopatikana. Kinachomlisha hasa ni mihogo na migomba iliyo nyuma ya nyumba.

Hakuzaliwa hapa. Ni Mhangaza wa Ngara. Katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, alikuwa binti anayeuza ndizi za kupika katika soko lililochipuka kando ya kambi. Hapo ndipo alipokutana na Pancras, kijana aliyeajiriwa kuzunguka na kipaza sauti kutangaza siku za mgao wa chakula.

"Nilimsikia kabla sijamwona," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri anacheka. "Sauti ilitoka nyuma ya mahema. Nikasema, huyu anayeongea polepole hivi ni nani, wakati watu wote hapa wana haraka?"

Pancras alikuwa na sababu ya kuongea polepole. Kambini, kwa simulizi za Zita, neno dogo liliweza kuvunja watu miguu. Siku moja ilizuka habari kwamba unga umekwisha na mgao hautakuwepo tena. Watu wakakimbilia ghalani, wakakanyagana. Pancras alipita hema kwa hema kutwa nzima, akisimama kila alipoulizwa, mpaka watu wakatulia.

"Aliniambia kupiga kelele kila mtu anaweza. Kazi ya mpiga mbiu ni kusimama ili aulizwe. Mtu akikuuliza swali, hata la kijinga, usiondoke."

Walioana, wakahamia Biharamulo walikosikia kuna ardhi, wakapata watoto wawili. Pancras akawa mpiga mbiu wa kijiji kipya, mpaka maradhi ya ini yalipomchukua mwaka 2011. Matanga yalipokwisha, viongozi wa kijiji walikuja kuuliza kipaza sauti akabidhiwe nani. Walikuwa na majina mawili ya vijana wa kiume.

"Nikawaambia kiacheni hapahapa," Zita anakumbuka. "Walitazamana. Mmoja akasema, mama, hii kazi ni ya kutembea. Nikamwuliza, na maji nayaleta kwa kukaa?"

Kwa miaka kumi hivi mwanamke huyo alikuwa ndiye gazeti la Nyakashenye. Alianza na kitongoji cha Center, akashuka bondeni, akavuka kijito kwenda Ng'ambo, akarudi kwa juu kupitia kitongoji cha Kanisani. Njiani alipewa uji, alipewa viazi vya kuchoma, alipewa habari. Akitangaza mkutano wa kijiji, watu walimzuia njiani na kumwuliza ajenda ni nini, nani kaileta, na kwa nini iletwe sasa wakati wa palizi. Asilolijua aliahidi kwenda kuliuliza, na siku ya pili alirudi na jibu.

"Mkutano ulikuwa unaanzia njiani," anasema mzee Mihayo, yule wa shamba la karanga, Msukuma aliyehamia Ng'ambo na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. "Mimi simu sina, kalatasi sisomi. Lakini nilikuwa nikifika pale mkutanoni tayali nina maneno yangu mdomoni. Mama alikuwa amenipitia."

Mambo yalibadilika mnara wa simu uliposimama juu ya kilima. Mtendaji wa kijiji, Wiston, kijana aliyemaliza chuo na kupangiwa Nyakashenye kama kituo chake cha kwanza, alianzisha kundi la WhatsApp la wanakijiji. Matangazo yote yakawa yanawekwa humo.

Wiston ni mtu mpole, anayejibu kila swali kwa utulivu. Anasema hakuwa na nia ya kumwondoa mtu yeyote.

"Nilikuta tangazo linachukua siku mbili kuzunguka kijiji," anaeleza ofisini kwake. "Kwenye kundi linafika kwa dakika moja. Vijana walioko Kahama na Geita nao wanajua kinachoendelea nyumbani. Wanachangia misiba, wanachangia madawati. Hilo mbiu haikuwahi kufanya."

Ni kweli, na Zita mwenyewe halikatai. Kundi hilo liliwahi kusaidia kumpata mtoto aliyepotea gulioni Nyamahanga, kabla yeye hajamaliza hata kufunga kitenge aanze kuzunguka.

Lakini kipaza sauti chake kilipoishiwa betri, ofisi haikununua nyingine. Hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Aliendelea kusubiri kuitwa. Mwanzoni aliitwa kila wiki, baadaye mara moja kwa mwezi, baadaye siku ambazo mtandao umekatika tu. Na kwa kuwa simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea basi, mpiga mbiu wa kijiji akawa miongoni mwa watu wa mwisho kupata habari za kijiji.

"Nilikuwa nasikia msiba kwa kuona watu wanapita wamejifunga kanga," anasema. "Mimi, ambaye nilikuwa natangulia mbele ya jeneza."

Nyumbani kwake kuna viti vinne vya mbao, vimepangwa kando ya ukuta. Siku mwandishi wa makala haya alipofika, ilibidi vifutwe vumbi. Mtoto wake wa kwanza, Elick, yuko kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Geita. Binti yake ameolewa Karagwe. Elick hupenda kutuma ujumbe wa sauti, na huutuma kwenye simu ya Swabaha, mwenye duka la Center, ambaye wazazi wake ni wafanyabiashara wa siku nyingi wa Biharamulo mjini. Zita hutembea hadi dukani, hukaa juu ya kreti la soda, na Swabaha humchezea sauti ya mwanawe.

"Huwa ananiambia, mwanangu, rudia," anasema Swabaha. "Namrudishia hata mara tatu. Najifanya napanga sabuni ili asione namtazama."

Kisha likaja suala la bonde.

Chini ya kijiji, pembeni ya kijito, kuna ardhi nyevu ambayo wanawake wa Ng'ambo na Kanisani hulima maharage na viazi wakati wa kiangazi, juu kukiwa kumekauka. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja kutoka nje ya wilaya aliomba kukodishiwa bonde lote kwa ajili ya kilimo cha mpunga. Ombi kama hilo lazima lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ukaitishwa. Tangazo likawekwa kwenye kundi jioni, kati ya picha za harusi na ubishi wa mpira. Mbiu haikupigwa.

Waliohudhuria walikuwa wengi wao watu wa Center, wasiolima bondeni. Waliambiwa mfanyabiashara atajenga darasa na kuchimba kisima. Wakanyoosha mikono. Majina ya kutosha kutimiza akidi yalipokosekana, waliokuwa wameandika "nakubali" kwenye kundi, wengine wakiwa Kahama na Geita, walihesabiwa kama waliohudhuria.

Ng'ambo walijua siku vijana wasiowafahamu walipofika na kuanza kupigilia vigingi vyekundu katikati ya matuta ya viazi.

Jioni ile wanawake walifika nyumbani kwa Zita. Hawakukaa kwenye viti.

"Waliniuliza, Mama Elick, kwa nini hukutuita?" anasimulia. "Nikawaambia sikutumwa, mimi mwenyewe sikujua. Nikaona hawajaniamini. Mpiga mbiu atasemaje kwamba hakujua kuna mkutano?"

Waliondoka mmoja mmoja. Aliyebaki mwisho alikuwa Agness, Mama Projestus, rafiki yake wa tangu siku za kwanza alipohamia kijijini. Walikuwa wakilima matuta yanayopakana bondeni. Walizalishana: Zita alimshika mgongo Agness usiku wa kujifungua Projestus. Siku hiyo Agness alisimama mlangoni kama mtu mwenye neno, kisha naye akaondoka.

Kuanzia hapo Zita aliona mambo asiyoyaelewa. Kisimani maongezi yalikatika alipofika. Katika ibada benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mtoto mmoja njiani alimwuliza kama ni kweli amenunuliwa simu kubwa, na mama yake akamvuta mkono.

"Nilidhani labda nina ugonjwa unaoonekana kwa wengine, mimi siuoni," anasema.

Zilipita wiki mbili. Siku moja alikwenda dukani kuuliza kama Elick ametuma sauti. Swabaha alifunga dirisha la duka, jambo ambalo hafanyi mchana, akamwomba aketi.

"Mama, kuna kitu kinazunguka," alimwambia. "Nimekaa nacho siku nyingi, nashindwa. Bora ukisikie kwangu."

Ulikuwa ujumbe wa sauti, mfupi. Mwanamke alikuwa akisema kwamba Zita alipewa pesa na yule mfanyabiashara ili asipite Ng'ambo, na kwamba ndiyo maana alikaa kimya siku ya mkutano. "Tumeuzwa na mtu tuliyekula naye," ilisema sauti hiyo mwishoni.

Ilikuwa sauti ya Agness.

"Nilimwambia Swabaha arudie," Zita anasema. "Alidhani sikusikia. Nilisikia. Nilitaka kujua kama alikuwa analia alipokuwa anasema. Maana Agness namjua, akisema jambo zito sauti inapasuka. Haikupasuka."

Kuku anaingia ndani, Zita anamfukuza kwa mguu.

Lililomuumiza zaidi lilifika siku tatu baadaye, kwenye simu ileile. Elick alikuwa ameupata ujumbe huo huko machimboni, kutoka kwa kijana wa Nyakashenye anayefanya naye kazi. Alituma sauti yake. Alimsalimia mama yake kama kawaida, akauliza hali ya mihogo, kisha akasema polepole, "Mama, ni kweli?"

"Nilimzaa mimi," anasema Zita. "Amekua ananiona narudi na vumbi mpaka magotini. Sikumlaumu. Yuko mbali, na kitu kikifika kwenye simu kinafika kama kimepigwa muhuri."

Alikwenda ofisini kwa Wiston na kumwomba aandike kwenye kundi kwamba yeye hakutumwa. Wiston aliandika, mstari mmoja. Anakiri kwamba ndani ya muda mfupi ulikuwa umefunikwa na matangazo mengine.

"Nilimwambia, mama, ya mtandaoni yaache, yatapita yenyewe," anasema Wiston. Anatazama meza. "Yeye akaniuliza, yatapita yaende wapi?"

Kwa desturi ya kijiji, mbiu haipigwi bila agizo la ofisi. Anayeipiga kwa matakwa yake anaweza kunyang'anywa kazi, na Zita alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Alilala nalo siku kadhaa. Kisha Jumamosi moja, asubuhi, akafunga kitenge, akachukua filimbi na kuanza mzunguko.

Swabaha anakumbuka alivyomwona akipanda juu ya jiwe lililo mbele ya duka. Hakuwa na kipaza sauti. Alipuliza, watu wakageuka, maana ilikuwa muda mrefu hawajasikia filimbi siku isiyo na mkutano.

"Sikilizeni mbiu," alisema. "Leo sikutumwa na ofisi. Ni mimi Zita, mke wa marehemu Pancras. Imesemwa nimepewa pesa nisiwaite. Sikupewa. Sikuambiwa kuna mkutano. Mwenye swali aniulize hapa, nimesimama."

Hakuna aliyeuliza. Alisimama kwa muda, akashuka, akaenda kituo kilichofuata.

Safari hii alipita kwanza kitongoji cha Kanisani, na huko mtu mmoja alimzomea. Bondeni watoto walimfuata wakiiga sauti yake. Ng'ambo alipanda kichuguu kilekile, akasema maneno yaleyale, akasimama. Mzee Mihayo ndiye aliyetoka kwanza.

"Nilimuuliza swali moja," anasimulia mzee huyo. "Nikasema, mama, kama hukuambiwa wewe, na sisi hatukuambiwa, basi huo mkutano ulikuwa wa nani?"

Swali hilo ndilo lililotembea. Wanawake waliokuwa wamejificha nyuma ya milango walitoka, mmoja akauliza kuhusu vigingi, mwingine akauliza nani alinyoosha mkono kwa niaba yake. Zita alijibu alilolijua, na kwa asilolijua akasema hajui. Kabla jua halijawa kali, kundi la watu lilikuwa linashuka kuelekea ofisi ya kijiji, likiongozwa na Mihayo na fimbo yake. Walidai mkutano urudiwe.

Mwenyekiti wa kijiji alikasirika. Alimwita Zita na kumwambia amevuka mpaka. Lakini watu walikuwa wamekaa chini mbele ya ofisi na hawakuonyesha dalili ya kuondoka, na Wiston mwenyewe alimwambia mwenyekiti kwamba muhtasari wa mkutano ule, ukipelekwa wilayani ukiwa na majina ya watu walioko Geita, utawarudia wao.

Mkutano wa pili ulifanyika uwanja wa shule. Mara hii mbiu ilipigwa, na tangazo likawekwa kwenye kundi pia. Watu walikaa mpaka kwenye mizizi ya miti ya mpakani. Wiston alisimama na kukiri mbele ya wote kwamba mpiga mbiu hakupewa agizo, na kwamba kosa hilo lilikuwa la ofisi. Uamuzi wa kwanza ulifutwa. Ombi la mfanyabiashara halikukataliwa moja kwa moja. Lilirudishwa lijadiliwe upya baada ya mavuno, wanaolima bondeni wakiwepo. Vigingi viling'olewa.

Watu walipiga makofi. Wengine walimshika Zita mkono. Yeye alikuwa anamtafuta mtu mmoja kwa macho.

"Agness alikuwa amekaa nyuma, ametazama chini," anasema. "Nilipogeuka mara ya pili nafasi yake ilikuwa tupu."

Mwandishi alimtembelea Agness nyumbani kwake. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakukana.

"Niliambiwa na mtu, nikasema," alieleza. "Nilikuwa na hasira, viazi vyangu vimepigiliwa kigingi. Nilituma kwa dada zangu wanne wa kwaya. Nilidhani naongea na watu wanne."

Baada ya mkutano alijaribu kuurudisha ujumbe ule. Akakuta haurudi.

"Kwangu nimeufuta. Kwa wengine sijui unafutwaje. Juzi shemeji yangu amenipigia kutoka Mwanza, ananiuliza yule mwanamke aliyewauza amefungwa? Nikamwambia si kweli. Akasema, lakini si wewe mwenyewe uliyesema?"

Kwa nini hajaenda kwa Zita? Agness alipindisha ncha ya kanga kidoleni kwa muda mrefu.

"Ningeanzia wapi? Sasa hivi nachota maji kisima cha juu, ni mbali. Nachagua njia ambazo hapiti." Kisha, mwandishi alipokuwa anaaga, Agness aliuliza, "Amesema nini juu yangu?"

Maisha ya Zita hayakurudi yalivyokuwa. Salamu zimerudi, lakini anasema zina kitu ndani yake, kama chai iliyopashwa moto. Kuna nyumba ambazo mpaka leo wanaamini habari ya kwanza, kwa sababu waliisikia kwa masikio yao na hawakuwepo mkutanoni. Elick aliomba radhi, akamtumia mama yake pesa za kununua simu janja. Zita hajainunua. Anasema hana uhakika kama anataka nyumbani kwake kitu kinachoweza kuingiza maneno ya watu asiowaona.

Ofisi ya kijiji sasa imeagiza kila mkutano utangazwe kwa njia zote mbili. Betri zimenunuliwa, ingawa kipaza sauti chenyewe bado kinasubiri fundi. Swabaha amependekeza jambo jingine. Kabla Zita hajaanza mzunguko, anapitia dukani, Swabaha anamrekodi akisema mbiu kwa Kiswahili na kwa Kisubi, kisha anaituma kwenye kundi. Wamelifanya mara mbili. Mara ya pili vijana wawili walioko Geita waliuliza maswali juu ya mbiu yenyewe. Swabaha alimsomea Zita maswali hayo, naye akayajibu, kila jibu kwa zamu yake, akiwa amekaa wima juu ya kreti la soda.

"Ilikuwa vizuri," anakiri. "Lakini wakishajibiwa, wanakuwa wameondoka. Humwoni mtu amekunja uso au ameelewa. Ukitoka hapo unabaki na Swabaha na sabuni zake."

Hajui kazi hii itaendelea kwa miaka mingapi. Angependa apatikane mtu wa kuirithi, na anafikiri itakuwa binti, kwa kuwa mabinti ndio wanaomuuliza maswali siku hizi. Angependa pia mkutano wa baada ya mavuno ufanyike bila watu kugombana. Ana mawazo yake kuhusu mpunga. Anadhani nusu ya bonde ingeweza kukodishwa, na darasa lijengwe kweli, na atalisema hilo hadharani hata kama watu wa Ng'ambo hawatalipenda.

Lakini akiulizwa jambo analolitaka kwanza kabisa, hazungumzii mkutano.

Maharage ya bondeni yamekauka, yanasubiri kung'olewa. Tuta la Agness ni kubwa, na mwaka huu Projestus hayupo, amekwenda kutafuta kibarua. Asipoyang'oa wiki hii yatapasukia shambani. Zita anayaona kila anapopita na filimbi yake.

"Jumamosi nitakwenda," anasema. "Sitamwambia, wala sitampelekea mtu. Na sitamuuliza ile sauti, maana nimeshaisikia. Yeye huanza kung'oa upande wa kijito, siku zote. Mimi nitaanzia upande wa juu."

Anasimama, anakaza fundo la kitenge. Kuna kitongoji kimoja bado hakijasikia habari ya mbuzi.

"Tuta ni moja," anasema. "Lazima tutakutana katikati."